Saa ya Kupigia Mbizi ya Bei Nafuu: Mpira, Mwanga na Mashine

Mwaka 2019 kampuni ya Seiko ya Japani iliacha kutengeneza SKX007, saa iliyoanza kuuzwa mwaka 1996 na ambayo kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa jibu la kwanza kwa yeyote aliyeuliza ni saa gani ya kupigia mbizi anayoweza kuimudu. Mwaka huohuo likatoka toleo jipya la Seiko 5 Sports, na mojawapo ya saa za toleo hilo, SRPD55, inafanana na SKX007 kiasi kwamba asiye mzoefu akizikuta mbili hizo zimelazwa pamoja mezani atadhani ni pacha: kasha lilelile lenye ubavu mnene, alama zilezile za duara kubwa usoni, na kitufe cha kurekebishia saa kimesogezwa mahali palepale kwenye namba 4. Hata mashine iliyomo ndani ya ile mpya ni bora kuliko ya zamani. Hata hivyo SKX007 ilikuwa saa ya kupigia mbizi, na SRPD55 siyo. Ya kwanza ilipimwa kwa kina cha mita 200 na kitufe chake kinakazwa kwa hesi. Ya pili imeandikiwa mita 100 na kitufe chake kinasukumwa tu hadi mahali pake kama cha saa yoyote ya ofisini.

Saa yenye sura ya kupigia mbizi na saa ya kupigia mbizi ni bidhaa mbili tofauti, na kwa bei ya chini hukaa kwenye kabati moja la kioo. Muuzaji naye huanza kwa kusifu mashine, kwa kuwa mashine ndiyo yenye mengi ya kusimulia: ina vito vingapi, inajijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, inapiga mara ngapi kwa saa. Ushauri wangu ni kuugeuza mpangilio huo. Anza na mpira unaozuia maji, ufuate rangi inayong'aa gizani, ndipo uje kwenye mashine, kwa sababu mashine nzuri kupita zote haina faida ikiwa imelowa, na hata ikiwa kavu haina faida chini ya maji ikiwa huwezi kuisoma.

Kwanza namba ya kina. Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo la takriban angahewa moja, kwa hiyo mita 200 ni sawa na angahewa 20 juu ya ile tunayoishi nayo. Mpiga mbizi wa kujiburudisha, awe Mnemba, Mafia au Watamu, ana ukomo wa mita 40, na aliyehitimu ngazi ya kwanza tu huishia mita 18. Mtu atauliza basi, mita 200 za nini? Wapo wanaoeleza kwamba kutupa mkono majini huongeza shinikizo kwa makumi ya mita, lakini hesabu haikubali: mkono unaokata maji kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde huongeza shinikizo la maji yenye kina cha mita moja na robo hivi. Sababu ya kweli ni ya kawaida zaidi. Namba iliyoandikwa usoni ni ya siku saa ilipotoka kiwandani, mipira yote ikiwa mipya. Baada ya hapo inakuja miaka ya jua, jasho, chumvi na kugongwa kwenye fremu za milango, na kila mwaka unakata kipande cha akiba ile. Saa iliyoanza na mita 200 ina mengi ya kupoteza kabla ya kufika kwenye hatari. Iliyoanza na mita 50 haina.

Kipo kiwango cha kimataifa kinachoamua nani ana haki ya kuitwa saa ya mpiga mbizi, nacho ni ISO 6425. Uzito wake hauko kwenye karatasi bali kwenye namna ya upimaji. Saa za kawaida zinazostahimili maji hufuata ISO 22810, ambapo kiwanda huruhusiwa kupima sampuli chache kutoka kwenye kundi. Chini ya ISO 6425 kila saa moja moja hupimwa, kwa shinikizo linalozidi namba yake kwa robo nzima, yaani saa ya mita 200 hubanwa kwa shinikizo la mita 250. Kisha hufanyiwa jaribio ambalo nalipenda kwa urahisi wake: saa huwekwa juu ya bamba lenye joto la nyuzi 40 hadi 45 mpaka nayo ipate joto hilo, tone la maji baridi huangushwa juu ya kioo, na baada ya dakika moja hivi kioo hupanguswa kwa kitambaa kikavu. Ukungu ukionekana upande wa ndani, saa imefeli, kwa maana kuna unyevu uliopenya. Saa iliyopita majaribio hayo huruhusiwa kubeba usoni neno "DIVER'S" pamoja na kina chake. Iliyoandikwa "WATER RESIST 200m" bila neno hilo inaweza kuwa imara vilevile, na zipo zilizo imara, ila haijadai kupimwa moja moja kwa kiwango hicho.

Ndani ya saa yenyewe, kinachozuia maji ni pete nyembamba za mpira: moja chini ya mfuniko wa nyuma, moja au zaidi ndani ya kitufe, na nyingine au pete ya plastiki kwenye ukingo wa kioo. Saa yangu ya kwanza ya aina hii niliinunua kwa kutazama namba ya usoni tu, ikiwa imetumika, na wiki ya pili kioo kikapata ukungu. Fundi alifungua mfuniko, akauchokoa mpira kwa ncha ya kibanio, nao badala ya kunyooka ukakatika vipande vitatu juu ya kitambaa chake cheupe, mweusi na mkavu kama utepe wa mkaa. Mpira mpya, uliopakwa grisi ya silikoni kidogo, ulikuwa unateleza kati ya vidole vyake. Tofauti ya saa iliyokufa na saa iliyo hai ilikuwa hiyo tu. Kwa hiyo anayenunua saa iliyotumika ahesabu bei ya mipira mipya na ya kupimwa kwa shinikizo kama sehemu ya bei ya saa, na anayenunua mpya aibadilishe mipira kila baada ya miaka miwili au mitatu ikiwa anaingia nayo baharini.

Kitufe ndicho mlango unaosahaulika zaidi. Kile chenye hesi hukazwa hadi kibane mpira wake, na ukikiacha wazi saa yako ya mita 200 haina tofauti na kikombe. Usikivute wala kukizungusha majini. Baada ya chumvi suuza saa kwa maji baridi ya bomba, kitufe kikiwa kimekazwa, na uizungushe pete ya nje ukiwa unasuuza ili mchanga utoke.

Kuhusu pete hiyo ya nje nitakuwa mfupi, kwa kuwa kazi yake ni rahisi mno. Unapoanza kushuka unauelekeza mshale wake kwenye akrabu ya dakika, na tangu hapo akrabu inakusomea dakika zilizopita. Haijali kama wewe huiita saa hiyo saa saba au saa moja, kwani inahesabu muda uliotumika tu, na muda uliotumika ndio unaolinda maisha: kwa jedwali la PADI, shirika linalofundisha kupiga mbizi, aliye mita 18 ana dakika 56 kabla ya kuhitaji kusimama njiani apandapo, na aliye mita 30 ana dakika 20. Pete ya namna hii ilikuwepo tayari kwenye Fifty Fathoms ya Blancpain mwaka 1953, saa iliyotengenezwa kwa ajili ya wapiga mbizi wa jeshi la majini la Ufaransa. Leo hii wengi hubeba kompyuta ya kupigia mbizi, na saa imebaki kuwa ya akiba, lakini akiba nayo lazima ifanye kazi. Hakikisha pete inazunguka upande mmoja tu, kinyume na mwendo wa akrabu, ili ikigongwa ikuongezee dakika ambazo hukuzitumia badala ya kukufichia ulizozitumia. Ishike kwa vidole viwili uitikise. Ikicheza kama jino bovu, iache.

Sasa mwanga, na hapa ndipo saa za bei nafuu hutofautiana sana. Zamani alama za saa zilipakwa rangi yenye radiamu, madini yanayotoa mnururisho, na wasichana waliokuwa wakiipaka katika viwanda vya Marekani waliugua na wengine wakafa kwa sababu walifundishwa kuinyoosha ncha ya brashi kwa midomo. Baadaye ikaja tritiumu, ambayo haina makali hayo lakini hupoteza nusu ya nguvu yake kila miaka 12 na kidogo. Mwaka 1993 kampuni ya Nemoto ya Japani ikaleta LumiNova, rangi isiyo na mnururisho wowote. Msingi wake ni alumineti ya strontiamu iliyochanganywa na europiamu na disprosiamu kidogo. Mwanga ukiipiga, hasa mwanga wa jua, elektroni ndani yake hupanda na nyingine hunaswa kama samaki kwenye dema; joto la kawaida la chumba huziachia moja moja kwa saa nyingi, na kila inayotoka hutoa chembe ya mwanga. Rangi ya Seiko iitwayo LumiBrite na ile ya Waswisi iitwayo Super-LumiNova ni za ukoo huohuo.

Kwa kuwa kemia ni moja, kinachotofautisha saa na saa ni wingi. Rangi iliyopakwa tabaka nyembamba ina mitego michache ya kunasa elektroni, nayo huwaka kwa kishindo dakika tano kisha ikanyamaza. Hii ndiyo hila ambayo mnunuzi hufanyiwa bila hata muuzaji kuikusudia: tochi ya simu inamulikwa juu ya saa kwa nusu dakika, taa inazimwa, na saa yoyote ile, hata ya hovyo, inawaka kijani kama kimulimuli. Jaribio la haki ni kuimulika, kisha kuitia mfukoni kwa robo saa ukiendelea kuangalia saa nyingine, halafu kuitoa chini ya meza au ndani ya viganja vilivyofumbatwa na kuyapa macho muda wa kuzoea giza. Ikiwa bado unaitofautisha akrabu ya dakika na ya saa kwa umbali wa sentimita 25, ambao ndio umbali unaotajwa na ISO 6425, umepata rangi ya kutosha. Tazama pia unene wake kwa macho mchana: alama nzuri huwa zimetuna kidogo, na eneo lake ni pana.

Rangi ya mwanga wenyewe ina maana yake. Ile yenye unjano-kijani mchana, ambayo Waswisi huiita C3, huonekana kuwa na nguvu kuliko zote. Ile iitwayo BGW9 ni nyeupe mchana na huwaka buluu usiku. Zote mbili zinafaa, kwa sababu buluu na kijani ndizo rangi zinazosafiri mbali zaidi majini, ilhali nyekundu huwa ya kwanza kumezwa, hata maandishi mekundu kwenye pete huonekana meusi-meusi ukishuka mita kadhaa. Ziogope rangi za madoido, kama ile ya kijivu kizito au ya machungwa inayodaiwa kung'aa, maana rangi iliyoongezwa ndani yake huuzuia mwanga kuingia na kutoka.

Alama tatu lazima ziwake bila kukosa: akrabu ya dakika, alama ya juu ya pete ya nje, na akrabu ya sekunde. Hiyo ya tatu wengi huiona kama pambo. Kiwango kinataka saa ionyeshe gizani kwamba inatembea, na kwa saa nyingi ishara hiyo ni kitone cha rangi kwenye akrabu ya sekunde. Fikiria uko gizani, saa inasema umekaa dakika 12, na huna njia ya kujua kama ni 12 kweli au kama ilisimama dakika ya 12. Kile kitone kinachosogea ndicho kinachokuambia kwamba mashine iko hai.

Na hicho hasa ndicho tunachokidai kutoka kwa mashine: isisimame. Watu hubishana kuhusu usahihi, wakilinganisha sekunde 10 za kupotea kwa siku na sekunde 25, lakini piga hesabu. Siku ina sekunde 86,400. Saa inayokosea sekunde 30 kwa siku nzima, ambayo wapenzi wa saa wataiita mbovu, itakosea chini ya sekunde moja katika mbizi ya dakika 45. Kwa kazi iliyokusudiwa, kosa hilo halipo. Mashine nzuri kwa bei nafuu, basi, ni ile inayovumilia kugongwa, inayojulikana na mafundi wengi, na ambayo vipuri vyake havitafutwi kwa kuandika barua Uswisi.

Kwa upande wa saa zinazojijaza kwa mwendo wa mkono, Wajapani ndio wenye soko hili. SKX007 ilitumia 7S26, mashine ngumu kama jiwe ambayo haikuwa na uwezo wa kutiwa ufunguo kwa kitufe wala kusimamisha akrabu ya sekunde wakati wa kurekebisha. Mrithi wake, 4R36, ana yote mawili, ana vito 24, hupiga mara 21,600 kwa saa, na akijaa hutembea takriban saa 41 bila kuvaliwa. Ndugu yake NH35 huuzwa kwa watengenezaji wengine, ndiyo maana utaikuta ndani ya saa za majina usiyowahi kuyasikia. Hilo si aibu hata kidogo. Ni mashine ileile kwa asili, na ikiharibika fundi anaweza kuitoa nzima na kuweka mpya kwa sehemu ndogo ya bei ya saa. Kampuni ya Citizen nayo, kupitia Miyota, ina 8215 iliyokuwepo tangu miaka ya 1970, na 9015 iliyo nyembamba zaidi na inayopiga mara 28,800, ambayo huongeza bei. Idadi ya vito isikubabaishe: ni mawe ya kupunguza msuguano kwenye ncha za magurudumu, na yakishatosha, ya ziada hayaongezi kitu. Adui mkubwa wa mashine hizi nyumbani ni sumaku ya spika na ya makava ya simu, ambayo huzinatisha pete za springi nyembamba ya mizani na kuifanya saa ikimbie dakika kadhaa kwa siku. Fundi huiondoa sumaku hiyo kwa muda mfupi.

Saa ya betri haistahili dharau inayopewa. Kioo chake cha kwatsi hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na kosa lake la mwezi mzima hulingana na la siku moja la saa ya springi. Udhaifu wake ni kwamba kila betri inapobadilishwa mfuniko hufunguliwa, na kila ufunguzi ni nafasi ya mpira kukaa vibaya. Ndiyo maana naipenda Eco-Drive ya Citizen, inayojichaji kwa mwanga unaopita usoni: Promaster BN0150 ina neno "DIVER'S" na mita 200, ikijaa hukaa miezi sita hivi hata gizani, na mfuniko wake hauna haja ya kufunguliwa mara kwa mara.

Kwa mwenye chini ya dola 100, Casio MDV-106, ambayo wengi huiita Duro, ina kitufe chenye hesi, pete ya upande mmoja na mita 200, kwa bei ambayo ni vigumu kuiamini. Kasoro yake ni rangi, ambayo hufifia mapema, kwa hiyo inamfaa anayeingia majini mchana. Vostok Amphibia ya Chistopol, Urusi, iliyoanza mwaka 1967, ni fikra nyingine kabisa: kioo chake kinene cha plastiki hubonyezwa na maji na kwa kubonyezwa huko hujibana zaidi kwenye kasha. Naiheshimu sana, lakini pete yake huzunguka pande zote mbili, na rangi yake ni hafifu. Juu ya hapo kuna ile ya Orient inayojulikana kama Kamasu, jina ambalo kwa Kijapani ni la samaki tunayemwita mzia. Ina mashine F6922 ya Orient wenyewe, inayotiwa ufunguo na kusimamishwa sekunde, ina kioo cha yakuti kisichokwaruzwa na mchanga, kitufe chenye hesi na mita 200. Haina neno "DIVER'S" usoni. Anayelitaka neno hilo pamoja na mashine ya springi na rangi ya LumiBrite iliyojaa alama zake aongeze fedha hadi Seiko Prospex zenye 4R36, hasa ile yenye kasha pana ambayo wapenzi wake huiita Turtle, yaani kobe.

Nami nikiulizwa ningemchagulia nini ndugu yangu anayekwenda Mafia kujifunza mbizi kwa mara ya kwanza, ningemnunulia ile Promaster ya mwanga, kwa sababu hatalazimika kukumbuka kuivaa, kuitia ufunguo wala kuifungua. Ningeitia kwanza mfukoni mwangu robo saa, kisha ningeingia nayo kwenye stoo na kufunga mlango, nitazame kama akrabu ya sekunde inaonekana ikisogea.